Mpako wa chembe za nano katika tiba ya saratani

Mpako wa chembe za nano ni tabaka jembamba la dutu linalofunika uso wa chembe ndogo sana zinazotumika kupeleka dawa au joto kwenye seli za saratani. Kwa kawaida tabaka hilo lina unene wa nanomita chache tu, lakini ndilo linalokutana kwanza na damu, ini, mfumo wa kinga na hatimaye seli yenyewe ya saratani. Ndiyo maana chembe mbili zenye kiini cha aina moja na ukubwa uleule zinaweza kuwa na matokeo tofauti kabisa mwilini. Moja yaweza kuzunguka katika damu kwa siku mbili, nyingine ikaondolewa katika muda wa dakika chache.

Mpako unaweza kutengenezwa kwa polima, lipidi (mafuta), protini, sukari, silika au hata utando uliochukuliwa kutoka seli hai. Hakuna mpako mmoja unaofaa kwa kila kazi. Sifa inayoificha chembe isitambuliwe na mfumo wa kinga mara nyingi huizuia pia kushikamana na seli ya saratani, na sifa inayoisaidia kuingia ndani ya seli inaweza kuifanya kuwa sumu kwa seli zenye afya. Kila mpako kwa hiyo una faida na gharama yake.

Katika makala hii neno "chembe" lina maana ya kipande kidogo cha dutu, si seli hai.

Ukubwa na uso

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000 hivi. Chembe nyingi za nano zinazotumika katika utafiti wa saratani zina kipenyo cha kati ya nanomita 10 na 200.

Kadiri kitu kinavyogawanywa katika vipande vidogo, ndivyo jumla ya eneo la uso wake inavyoongezeka. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la uso la sentimita 6 za mraba. Mchemraba huohuo ukikatwa kuwa michemraba midogo yenye upande wa nanomita 10, jumla ya eneo la uso hufikia mita 600 za mraba, ingawa kiasi cha dutu hakikubadilika. Katika chembe ndogo hivyo, sehemu ya atomi zilizo kwenye uso wa chembe au karibu nao ni kubwa zaidi kuliko katika kitu kikubwa. Kwa sababu hiyo tabia ya chembe ya nano hutegemea sana hali ya uso wake.

Kazi za mpako

Mpako hufanya kazi kuu nne:

1. Kuzuia chembe zisigandamane. Chembe tupu za dhahabu au oksidi ya chuma zikitiwa katika maji yenye chumvi, kama vile damu, hushikamana na kuwa mabonge. Mabonge hayo yanaweza kuziba mishipa midogo ya damu, hasa katika mapafu. Mpako hutenganisha chembe kwa chaji za umeme zinazosukumana au kwa minyororo ya polima inayoziweka mbalimbali.
2. Kurefusha muda wa chembe katika damu. Mpako unaofaa huchelewesha seli za ini na wengu kuimeza chembe.
3. Kulinda mwili dhidi ya kiini, na kiini dhidi ya mwili. Mpako huzuia dawa kuvuja mapema na huzuia madini ya kiini yasiyeyuke na kudhuru tishu.
4. Kuelekeza chembe. Molekuli zinazotambua seli za saratani zinaweza kufungwa kwenye mpako.

Chembe inapoingia katika damu

Chembe ikidungwa katika mshipa, protini za damu huanza kuigandia ndani ya sekunde chache. Protini hizo ni pamoja na albumini, fibrinojeni, kingamwili na protini za mfumo wa komplementi. Tabaka hilo la protini huitwa korona ya protini, jina lililotumiwa mwaka 2007 na kundi la watafiti akiwemo Kenneth Dawson wa Dublin, Ayalandi, na Sara Linse wa Lund, Uswidi. Tangu hapo imekuwa kawaida kutofautisha sura mbili za chembe: ile inayotoka nayo maabara, na ile inayoipata baada ya kuingia mwilini. Seli huiona hii ya pili.

Baadhi ya protini za korona hufanya kazi kama alama ya kumwonyesha mlinzi kwamba kitu hiki ni kigeni. Makrofaji, yaani seli kubwa zinazomeza vijidudu na takataka, huitambua alama hiyo na kuimeza chembe. Makrofaji wengi wanaohusika hukaa katika ini, ambako huitwa seli za Kupffer, na katika wengu (bandama). Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya chembe zinazodungwa huishia katika viungo hivyo viwili badala ya kufika kwenye uvimbe wa saratani.

Figo nazo zina kanuni yake. Chembe ngumu zenye kipenyo cha chini ya nanomita 6 hivi huweza kupita katika vichujio vya figo na kutoka na mkojo. Kipenyo kinachohesabiwa hapa ni cha kiini pamoja na mpako na protini zilizoshikamana nacho. Mpako mnene, au mpako unaovutia protini, unaweza kuifanya chembe ndogo ishindwe kupita.

Aina kuu za mipako

Polietilini glikoli

Polietilini glikoli, kwa kifupi PEG, ni polima inayoyeyuka vizuri katika maji. Mwaka 1977 Frank Davis, Abraham Abuchowski na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani walionyesha kwamba protini iliyofungiwa minyororo ya PEG hukaa katika damu muda mrefu zaidi na haichochei sana mfumo wa kinga. Mbinu hiyo baadaye ilihamishiwa kwenye chembe za nano.

Minyororo ya PEG huvuta molekuli za maji na kutengeneza wingu la majimaji kuzunguka chembe. Protini inayotaka kugandia uso hulazimika kuyasukuma maji hayo na kuibana minyororo, jambo linalohitaji nishati. Idadi ya minyororo ni muhimu. Ikiwa michache, kila mmoja hujikunja peke yake kama uyoga na kuacha nafasi wazi kati yake na mwenzake. Ikiwa mingi, hubanana na kusimama wima kama nywele za brashi, na uso hufunikwa vizuri zaidi.

PEG haizuii protini zote, bali huzipunguza na kubadilisha aina zinazogandia. Aidha, wingu lilelile linalozuia makrofaji huzuia pia seli ya saratani kuigusa chembe. Wataalamu huliita tatizo hili mtanziko wa PEG.

Lipidi

Liposomu ni kifuko chenye ukuta wa tabaka mbili za lipidi zinazofanana na zile za utando wa seli. Zilielezwa katika miaka ya 1960 na Alec Bangham na wenzake nchini Uingereza. Dawa inayopenda maji huwekwa ndani ya kifuko, na ile inayopenda mafuta huweza kukaa katika ukuta. Kolesteroli huongezwa ili ukuta uwe imara na usivuje upesi.

Protini na sukari

Albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, hutumika kufunika dawa zisizoyeyuka katika maji. Dekstrani, ambayo ni sukari yenye minyororo mirefu, imetumika kwa miaka mingi kufunika chembe za oksidi ya chuma zinazoonyesha viungo katika picha za sumaku (MRI). Mipako ya namna hii hutokana na viumbe hai na kwa kawaida huvunjwa na mwili.

Silika na misombo ya silikoni

Silika hutengeneza ganda gumu kuzunguka kiini cha madini. Ganda lenye vinyweleo vidogo linaweza kubeba dawa ndani ya vinyweleo hivyo. Uso wa silika ni rahisi kuunganishwa na molekuli nyingine, na kwa hiyo hutumika sana kama msingi wa mpako wa pili.

Utando wa seli hai

Mwaka 2011 kundi la Liangfang Zhang katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilifunika chembe za polima kwa utando uliotolewa kwenye chembe nyekundu za damu za panya. Utando huo una protini iitwayo CD47, ambayo kwa kawaida huwaashiria makrofaji wasimeze chembe za damu za mwili wenyewe. Katika panya, chembe zilizofunikwa hivyo zilikaa katika damu muda mrefu kuliko zilizofunikwa kwa PEG. Tangu hapo utando wa chembe sahani za damu, wa seli nyeupe na hata wa seli za saratani umejaribiwa kwa njia hiyohiyo.

Chaji ya uso

Uso wa nje wa seli kwa jumla una chaji hasi. Chembe yenye mpako wa chaji chanya huvutwa kwenye utando wa seli na mara nyingi huingia kwa wingi. Lakini mvuto huo hauchagui. Chembe hiyo hushika pia seli zenye afya, huweza kutoboa utando wao, na hukusanya protini nyingi za damu kiasi cha kuondolewa haraka.

Chembe yenye chaji hasi au isiyo na chaji huwa na madhara madogo zaidi na hukaa katika damu kwa muda mrefu zaidi, lakini huingia katika seli polepole. Njia mojawapo ya katikati ni mpako wa zwita, wenye chaji chanya na hasi kwa idadi sawa, hivi kwamba kwa jumla hauna chaji. Mpako huu nao huvuta maji na kupunguza protini zinazogandia bila kutumia minyororo mirefu.

Chaji ya uso hukadiriwa kwa kipimo kiitwacho potensheli ya zeta, kinachotajwa kwa milivolti. Chembe zenye thamani iliyo mbali na sifuri, iwe chanya au hasi, husukumana vizuri zaidi na huchelewa kugandamana. Kipimo hiki hubadilika kulingana na chumvi na asidi ya kimiminika, kwa hiyo thamani iliyopimwa katika maji safi haitabiri moja kwa moja hali itakavyokuwa katika damu.

Kufika kwenye uvimbe

Uvimbe wa saratani unaokua haraka hujitengenezea mishipa ya damu yenye kasoro. Kuta zake zina mianya, na mifereji ya limfu inayoondoa majimaji haifanyi kazi vizuri. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza kwamba molekuli kubwa hupenya katika mianya hiyo na kubaki ndani ya uvimbe. Jambo hilo lilikuwa msingi wa tiba nyingi za nano: chembe ikidumu katika damu, hupita karibu na uvimbe mara nyingi na kupata nafasi nyingi za kupenya. Hapo ndipo umuhimu wa mpako unaoficha ulipoonekana.

Hata hivyo, mianya hutofautiana kati ya aina za saratani, kati ya wagonjwa, na hata kati ya sehemu za uvimbe mmoja. Uvimbe wa panya wa maabara, unaokua kwa majuma machache, si sawa na uvimbe wa binadamu uliokua kwa miaka. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, lilipitia tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama. Liligundua kwamba kwa wastani wa kati (mediani) ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa zilizofika kwenye uvimbe. Takwimu hiyo ilizua mjadala mkubwa, kwa kuwa ilionyesha kwamba hata mipako mizuri ilikuwa imeacha sehemu kubwa ya kazi haijafanyika.

Kuingia ndani ya seli

Kwa kawaida seli huimeza chembe kwa kukunja utando wake na kuifungia ndani ya kifuko. Hali ndani ya kifuko hicho huzidi kuwa ya asidi kadiri kinavyosogea ndani ya seli: kutoka pH ya 7.4 iliyo katika damu hadi karibu 5 katika vifuko vya mmeng'enyo, yaani lisosomu. Dawa isiyotoka humo inaweza kuharibiwa kabla ya kufika inapotakiwa. Baadhi ya mipako hutengenezwa ili ipasue kifuko au iachie dawa pindi asidi inapoongezeka.

Ili seli ya saratani imeze chembe kuliko seli nyingine, watafiti hufunga kwenye mpako molekuli zinazoshikana na vipokezi vilivyo vingi katika seli hiyo. Mifano ni asidi ya foliki, ambayo vipokezi vyake ni vingi katika saratani nyingi za ovari. Transferini, protini inayobeba chuma. Na kingamwili dhidi ya kipokezi cha HER2 kilicho kingi katika baadhi ya saratani za matiti.

Mbinu hii hufanya kazi vizuri katika sahani za maabara, lakini mwilini hukutana na vikwazo viwili. Kwanza, molekuli hizo hazivuti chembe kutoka mbali. Husaidia tu baada ya chembe kuwa imekwisha kuifikia seli. Pili, korona ya protini inaweza kuzifunika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dublin (UCD) walionyesha kwamba chembe za silika zenye transferini hupoteza uwezo wa kutambua vipokezi vyake zinapowekwa katika kimiminika chenye protini nyingi. Mwaka 2016 jaribio la liposomu za doksorubisini zenye kingamwili dhidi ya HER2 kwa wagonjwa wa saratani ya matiti lilisimamishwa, kwa kuwa halikuonyesha manufaa kuliko tiba iliyolinganishwa nayo.

Mipako inayobadilika

Ili kukwepa mtanziko wa PEG, baadhi ya watafiti hutengeneza mpako unaodumu katika damu lakini unaoanguka ukifika kwenye uvimbe. Mazingira yanayozunguka seli za saratani mara nyingi yana asidi zaidi kidogo kuliko damu, pH ya 6.5 hadi 6.9 hivi, na huwa na vimeng'enya vingi vinavyokata protini. Mnyororo wa PEG ukifungwa kwa kiungo kinachokatika katika asidi hiyo au kwa vimeng'enya hivyo, chembe huvua vazi lake mahali panapofaa na kubaki na uso ulio tayari kuingia katika seli. Mbinu nyingine hubadilisha chaji kutoka hasi kuwa chanya. Sehemu kubwa ya mipako ya aina hii bado iko katika hatua ya utafiti.

Mfano: doksorubisini ndani ya liposomu

Doksorubisini ni dawa ya saratani yenye nguvu, lakini ina kasoro kubwa: hudhuru misuli ya moyo, na madhara hayo huongezeka kadiri jumla ya dozi alizopata mgonjwa inavyoongezeka. Mgonjwa anaweza kupona saratani na baadaye kuugua moyo.

Alberto Gabizon na Yechezkel Barenholz wa Jerusalem, Israeli, walikuwa miongoni mwa wanasayansi waliotafuta njia ya kuifungia dawa hiyo ndani ya liposomu. Liposomu za awali zisizo na PEG ziliishia upesi katika ini. Baadaye ziliundwa liposomu zenye kipenyo cha nanomita 80 hadi 100 hivi, zenye ukuta mgumu na mpako wa PEG. Dawa iliyotokana nazo, yenye jina la biashara Doxil, iliidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) mwaka 1995 kwa ajili ya sarkoma ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI. Inahesabiwa kuwa dawa ya kwanza ya nano kuidhinishwa na mamlaka hiyo. Baadaye iliidhinishwa pia kwa saratani ya ovari na mieloma.

Tofauti iliyoletwa na mfumo huo ni kubwa. Doksorubisini ya kawaida huanza kutoka katika damu na kusambaa kwenye tishu ndani ya dakika chache, ukiwemo moyo. Ile iliyofungiwa hubaki katika damu, nusu yake ikiwa bado ipo baada ya siku mbili hadi tatu hivi. Kuta za mishipa ya moyo hazina mianya ya kupitisha liposomu za ukubwa huo kwa wingi, na madhara kwa moyo hupungua.

Lakini mpako uleule ulileta madhara mapya. Kwa kuwa liposomu hudumu katika damu, baadhi yake hufika kwenye ngozi. Wagonjwa wengine hupata uwekundu, maumivu na kuchubuka kwa viganja na nyayo, hali ambayo ni nadra zaidi kwa doksorubisini ya kawaida. Wengine hupata mshtuko unaofanana na mzio wakati wa dripu ya kwanza, hivyo dripu huanzishwa polepole. Barani Ulaya mwaka 2000 iliidhinishwa liposomu nyingine ya doksorubisini isiyo na PEG, iitwayo Myocet. Nayo hupunguza madhara kwa moyo, ingawa hukaa katika damu kwa muda mfupi zaidi.

Hali katika Afrika Mashariki

Sarkoma ya Kaposi, ambayo Doxil iliidhinishwa kwanza kwa ajili yake, ni miongoni mwa saratani zinazojulikana sana katika Afrika Mashariki, hasa tangu kuenea kwa VVU. Hata hivyo liposomu za doksorubisini ni ghali kutengeneza, na kwa miaka mingi hazikuwafikia wagonjwa wengi wa eneo hili. Jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, na kuchapishwa mwaka 2020, lililinganisha dawa tatu zinazopatikana kwa urahisi zaidi, zikitolewa pamoja na dawa za kupunguza makali ya VVU. Paklitakseli ilionekana kuwa bora kuliko etoposidi na kuliko mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini. Hivyo tiba iliyopimwa kwa wagonjwa hao haikuwa na chembe za nano.

Mifano mingine

Paklitakseli, dawa iliyogunduliwa katika gome la mti wa yew wa Pasifiki, haiyeyuki katika maji. Katika muundo wake wa kawaida huyeyushwa kwa alkoholi na kiyeyushi kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya mbarika (nyonyo). Kiyeyushi hicho huweza kuleta mzio mkali, hivyo mgonjwa hupewa dawa za kuuzuia kabla ya dripu. Mwaka 2005 iliidhinishwa nchini Marekani dawa iitwayo Abraxane, ambamo paklitakseli imeshikizwa kwa albumini katika chembe za nanomita 130 hivi. Haihitaji kiyeyushi hicho, na dripu yake kwa saratani ya matiti huchukua dakika 30 badala ya saa 3. Hapa faida kubwa ya albumini ni kuondoa kiyeyushi chenye madhara, si kuificha chembe, kwani chembe zenyewe huvunjika upesi katika damu.

Chembe za oksidi ya chuma zenye mpako wa aminosilani zilikubaliwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa uvimbe wa ubongo, pamoja na tiba ya mionzi. Hudungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, kisha mgonjwa huwekwa katika uga wa sumaku unaogeukageuka ili chembe zipate joto. Kwa kuwa hazisafiri katika damu, hazihitaji mpako wa kujificha. Kinachotakiwa ni zitawanyike vizuri katika kimiminika cha sindano na zibaki mahali zilipodungwa. Mfano huu unaonyesha kwamba mpako unaofaa hutegemea njia ambayo chembe itapitia.

Usalama na matatizo

Wakati mwingine sumu inayodhaniwa kuwa ya chembe hutoka kwenye mpako. Vijiti vya dhahabu vinavyotumika kuchoma uvimbe kwa mwanga wa infraredi hutengenezwa kwa kutumia kemikali ya CTAB, ambayo hubaki juu ya uso wake. Dhahabu yenyewe haidhuru seli sana, lakini CTAB inayobanduka na kuingia katika kimiminika huziua. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba madhara yalitokana na CTAB hiyo iliyo huru. Tangu hapo ni kawaida kuiosha na kuibadilisha kwa PEG au polima nyingine kabla ya kuvitumia kwa viumbe.

Tatizo jingine ni kingamwili dhidi ya PEG. Katika wanyama, dozi ya kwanza ya liposomu zenye PEG inaweza kuufundisha mwili kuitambua, na dozi ya pili ikitolewa baada ya siku chache huondolewa haraka. Baadhi ya watu wana kingamwili hizo hata kabla ya kutibiwa, pengine kwa sababu PEG hutumika pia katika vipodozi, vyakula na dawa nyingine. Ndiyo sababu polima nyingine zinachunguzwa ili zichukue nafasi yake.

Utengenezaji nao una ugumu wake. Kila fungu la dawa linapaswa kuwa na chembe za ukubwa uleule na mpako wenye unene uleule. Tofauti ndogo katika wingi wa minyororo inaweza kubadilisha muda wa kukaa katika damu. Kwa hiyo kampuni inayotaka kutengeneza nakala ya dawa ya nano haiwezi kuthibitisha tu kwamba dawa iliyo ndani ni ileile. Inapaswa kuonyesha pia kwamba chembe yenyewe ina muundo na mwenendo unaolingana na wa dawa ya asili.

Upimaji

Ukubwa wa chembe pamoja na mpako wake hupimwa kwa mtawanyiko wa mwanga, huku hadubini ya elektroni ikionyesha zaidi kiini kigumu. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili husaidia kukadiria unene wa mpako. Chembe hupimwa tena baada ya kuwekwa katika majimaji ya damu, ili kuona kama zinagandamana na ni protini zipi zilizozigandia. Baada ya hapo hujaribiwa katika seli, katika wanyama, na mwishowe kwa wagonjwa waliokubali kushiriki. Matokeo mazuri katika seli za maabara peke yake hayatoshi, kwa kuwa katika sahani ya maabara hakuna ini, wala wengu, wala damu inayozunguka.

Tazama pia

Saratani
Teknolojia ya nano
Liposomu
Tibakemikali
Mfumo wa kinga
Sarkoma ya Kaposi